Bei ya Makande

Kuna swali dogo ambalo limekuwa likinisumbua tangu Jumamosi moja nilipochukuliwa nyumbani kwangu Ubungo Kisiwani na kupelekwa Masaki kula chakula cha usiku. Swali lenyewe ni hili: chakula kilekile, cha nafaka ileile na maharage yaleyale, kinapouzwa shilingi 2,000 kando ya Barabara ya Morogoro na shilingi 38,000 karibu na ufukwe wa bahari, je, zile shilingi 36,000 za juu ni bei ya kitu gani? Mtu mwepesi wa kujibu atasema ni bei ya kiyoyozi, kodi ya jumba na mishahara ya wahudumu. Hatakuwa amekosea. Lakini hilo ni jibu la mhasibu, na mimi sikuwahi kuwa mhasibu. Nilikuwa mwalimu wa historia, na maishani mwangu nimeona kwamba bei ya kitu aghalabu ina historia yake, na historia hiyo mara nyingine inatuhusu kuliko tunavyopenda.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye Mungu amemjalia kazi nzuri mjini. "Mjomba," aliniambia kwa simu, "safari hii sikuletei sukari. Nakuja kukuchukua. Kuna hoteli inapika vyakula vya kwetu, vya mikoa yote. Nataka ukale ukiwa umekaa kama mtu mkubwa." Basi nikaitoa suti yangu ya Kaunda sandukuni, nikaipiga pasi, nikangoja.

Sitaitaja hoteli hiyo kwa jina, maana sina ugomvi nayo. Ilikuwa mahali pazuri. Taa zilikuwa hafifu, viti vilikuwa vya mninga, na wahudumu walivaa aproni za kitenge. Orodha ya vyakula ilikuwa kama somo la jiografia ya Tanzania: mlenda wa Dodoma, ndizi za Bukoba, mtori wa Kilimanjaro, matobolwa ya Usukumani, samaki wa kupaka wa Pwani. Nikateremka na kidole changu taratibu, kama nilivyokuwa nikisoma majina ya wanafunzi katika daftari la mahudhurio, mpaka kikasimama penye maneno haya: Makande ya Upare. Mbele yake palikuwa na ile tarakimu niliyoitaja.

Mimi ni Mpare. Nimezaliwa milimani, wilaya ya Same, na kabla sijajua kusoma nilijua kuchambua maharage. Nikamwambia kijana aniletee hayo.

Yaliletwa katika kibakuli cha udongo, yapata viganja viwili, na juu yake tui zito la nazi lilikuwa limechorwa duara, na jani moja la kijani limesimamishwa katikati. Kijana yule akaweka mikono nyuma akaanza kueleza, kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwamba hiki ni chakula cha jadi, kinachotokana na nafaka ya asili ya mababu zetu. Nilimwuliza, "Mwanangu, wewe kwenu wapi?" Akajibu, "Singida, mzee." "Na haya umewahi kuyala?" Akatazama kushoto na kulia, kisha akacheka kidogo. "Shuleni, mzee. Bweni. Miaka minne." Tukacheka wote watatu, maana nani aliyesoma shule ya bweni nchini mwetu asiyejua makande ya bwenini, na nani asiyewahi kuapa kwamba akimaliza shule hatayatia tena kinywani?

Nikaonja. Yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Mahindi yalikuwa yamekobolewa vema, maharage hayakupasuka, na chumvi ilikuwa imekaa mahali pake. Lakini tonge la pili halikupita vizuri, na kosa halikuwa la mpishi.

Kwenye meza ya jirani palikuwa na watu wanne waliovaa vizuri, nao walikuwa wameagiza makande vilevile. Kabla ya kula walisimama, wakainamia kibakuli, wakakipiga picha kwa simu. Nikawatazama, na hapo nikakumbuka mkono wa mama yangu.

Ilikuwa Desemba 1979. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Dar es Salaam, na likizo ile niliwaalika walimu wenzangu wawili waje kuona kwetu. Nilimtangulizia mama barua. Katika barua ile, pamoja na salamu zote, niliandika mstari mmoja ambao nitaukumbuka hadi kaburini: Tafadhali usiwapikie wageni wangu makande. Ndugu msomaji mwenye umri kama wangu atakumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera ilivyokuwa. Mchele haukuwa kitu cha kuokota dukani. Mama aliuza jogoo wake, akashuka mlima kwa miguu hadi sokoni tambarare, akapanda tena na pishi mbili za mchele kichwani. Hayo sikuyajua siku ile. Dada yangu alinieleza baada ya miaka mingi.

Wageni wakala wali, wakashukuru. Mimi nikatoka kwenda jikoni kuomba maji. Nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda kando ya mafiga, bakuli mapajani, anakula makande. Aliponiona, alilifunika bakuli lile haraka kwa pindo la kanga yake, kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Sikusema neno. Nilichukua maji nikarudi kwa wageni.

Tangu siku hiyo mama hakunitengea tena makande. Kila nilipokwenda likizo, mwaka baada ya mwaka, nilikuta wali. Alikuwa ameamini kwamba mwanawe, kwa kuwa amesoma, hakipendi tena chakula cha kwao. Na mimi niliyatamani makande yale, nikisikia harufu yake kutoka jikoni, lakini sikuomba. Kuomba kungekuwa kukiri kwamba sikuwa nimeyachukia hata kidogo. Nilikuwa nimeyaonea aibu tu mbele ya watu. Mama alifariki mwaka 1996. Miaka kumi na saba alininunulia mchele.

Basi utaelewa, msomaji, kwa nini tonge la Masaki lilinikwama. Kitu alichokifunika mama yangu kwa kanga, hapa kilikuwa kinapigwa picha.

Tulipokuwa njiani kurudi, nilimwambia mpwa wangu kwamba mahali pale pameiba. Nilisema kwa hasira ya mtu aliyeshiba. Nilimwambia kwamba matajiri wamechukua chakula cha maskini, wamekitia jani juu, wanakiuza kwa bei ambayo maskini mwenyewe hawezi kuigusa. Kijana aliendesha kimya hadi tukaipita Msasani, kisha akasema kwa adabu, "Lakini mjomba, si afadhali chakula chetu kipate heshima? Ulitaka kibaki cha bwenini na cha msibani tu?"

Sikuwa na jibu. Kwa siku kadhaa nilitafuta jibu mahali nilipozoea kutafuta, yaani katika historia, na historia ikanipeleka mbali kuliko nilivyotazamia: ilinipeleka Meksiko.

Kwanza ilinibidi nicheke peke yangu kuhusu ile "nafaka ya asili ya mababu zetu". Mababu zetu walikuwa na mtama, uwele na ulezi. Mahindi yalianza kulimwa na wenyeji wa kusini-magharibi mwa Meksiko, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte. Yaliletwa upande wetu wa dunia baada ya Wazungu kufika Amerika, na huku pwani Wareno walikuwa miongoni mwa walioyaleta. Sisi tukayaita mahindi, kana kwamba yametoka kwa Wahindi. Waitaliano nao wakayaita nafaka ya Waturuki. Maharage nayo ni ya Amerika, na pilipili hoho na nyanya vilevile. Huko Meksiko mkulima hupanda mahindi na maharage katika shamba moja, kama tufanyavyo Upare. Kwa hiyo makande yangu, tukiondoa tui, ni mgeni aliyekaa hadi akawa mwenye nyumba. Sioni aibu kwa hilo. Chakula huwa cha mtu anayekipika na kulelea watoto wake kwacho.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba hata hao waliotupa mahindi waliwahi kuyaonea aibu. Zama za utawala wa Porfirio Díaz, wakubwa wa Mexico City walikula Kifaransa. Mwaka 1899 mwanasiasa na mwandishi wao, Francisco Bulnes, alitoa kitabu ambamo aliwagawa wanadamu katika mafungu matatu: watu wa ngano, watu wa mpunga na watu wa mahindi. Alidai kwamba watu wa ngano ndio pekee wenye maendeleo ya kweli, na kwamba mahindi yamewadumaza wenyeji wa Amerika. Na mwaka 1910, taifa lile lilipoadhimisha miaka 100 tangu lianze kupigania uhuru, karamu za wakubwa ziliandaliwa kwa vyakula vya Kifaransa. Fikiria: taifa linasherehekea kuwa lenyewe, na meza yake inamsifu mwingine. Niliposoma hayo sikumcheka Bulnes. Nilijiona mimi, mwaka 1979, na barua yangu.

Kisha gurudumu likageuka. Mwaka 2010 Shirika la UNESCO liliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mexico City ikawa na migahawa ya fahari inayopika vyakula vya mikoa yao. Mmojawapo, Pujol, uliofunguliwa mwaka 2000 na mpishi Enrique Olvera, unajulikana duniani kwa sahani moja: mchuzi mzito wa pilipili na viungo, uitwao mole, ambao umekuwa ukipashwa moto na kuongezewa kwa zaidi ya siku elfu moja. Huuweka katika sahani kama duara, na katikati yake huweka duara la mole mpya, na huliwa kwa tortila tu, yaani ule mkate mwembamba wa mahindi unaofanana na chapati. Hakuna nyama. Mlaji hulipa pesa nyingi ili ale mchuzi na mkate, chakula ambacho Bulnes angekiona ni cha kumdumaza mtu.

Na mwaka 2024, Mwongozo wa Michelin, ambao ni wa Wafaransa na ndio unaotoa nyota zinazoheshimiwa mno na wapishi wa dunia, ulitoa nyota kwa mara ya kwanza nchini Meksiko. Pujol ilipata mbili. Lakini nyota moja ilikwenda kwa kibanda kiitwacho El Califa de León, chenye upana wa kama mita tatu kwa tatu, kilichoanza mwaka 1968, ambapo watu hula wamesimama tortila zilizokunjiwa nyama. Niliifurahia habari hiyo kama vile kibanda kile kiko Manzese. Hata hivyo, furaha ilipotulia, nikajiuliza: nyama ya kibanda kile ilikuwa tamu zaidi siku iliyofuata? La hasha. Ilikuwa ileile ya miaka 56. Kilichobadilika ni macho ya watu waliokuwa wakipita.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu la swali langu. Zile shilingi 36,000, ukishatoa kiyoyozi na kodi na mishahara, zinabaki kuwa bei ya ruhusa. Tunanunua ruhusa ya kula chakula cha umaskini bila kuonekana maskini. Anayekula makande Masaki anatangaza kwamba angeweza kula chochote, na amechagua haya. Anayeyala Ubungo hudhaniwa hakuwa na jingine la kuchagua. Na aibu ile tunayolipa pesa nyingi ili tuondolewe, nani aliitengeneza? Si mwenye hoteli. Tuliitengeneza wenyewe, kila mmoja wetu aliyeandika barua kama yangu. Hoteli imeokota tu tulichokitupa, ikakipangusa, ikatuuzia. Mtu anayeokota kilichotupwa haitwi mwizi.

Hata hivyo sitaki kumwachia mpwa wangu ushindi wote, kwa sababu heshima anayoisema ina kasoro moja kubwa: inafika kwenye sahani na kuishia hapo. Mahindi yenyewe yanatufundisha. Wanawake wa Meksiko, tangu zama za kale, huchemsha mahindi makavu kwa maji ya chokaa, wakayaacha usiku kucha, kisha wakayaosha na kuyasaga. Chokaa hulainisha ganda, na pia huifungua vitamini iitwayo niasini, iliyofungamana ndani ya punje, ili mwili uweze kuitumia. Wazungu walichukua mbegu, lakini hawakuona kwamba jiko la mwanamke lina cha kufundisha. Matokeo yake, maskini wa Italia ya kaskazini, na baadaye wa kusini mwa Marekani, ambao chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, waliugua pelagra, maradhi yanayochubua ngozi, yanayoharibu tumbo na mwishowe akili. Walikuwa wamekipokea chakula na kumwacha mpishi.

Sisi nasi tunaweza kufanya hivyohivyo kwa meza za mninga. Chukua mama lishe ninayekula kwake, karibu na iliyokuwa stendi ya mabasi ya Ubungo. Mabasi ya mikoani yalipohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, wateja wake wengi waliondoka nayo, lakini yeye amebaki. Siku za makande ni Jumanne na Ijumaa. Hulowesha mahindi na maharage usiku, na saa tisa alfajiri huwasha mkaa, maana makande ni chakula kinachokula moto kuliko kinavyokula pesa. Mama yangu alikuwa akitupia kipande kidogo cha magadi chunguni. Huyu naye hutupia. Zamani akina mama hawa tuliwaita mama ntilie, kwa lile neno la mteja anayenyoosha sahani: nitilie. Miaka ya 1980, zama za Nguvu Kazi, wenye biashara ndogondogo kama zao waliandamwa mjini kama wazururaji. Leo tunawaita mama lishe, jina lenye staha zaidi. Lakini je, mwenendo wetu mbele yao umebadilika kama jina?

Nijitoe mfano mwenyewe. Mara nyingi nimemwambia mama huyu, "Niongezee kidogo, hii haijafika." Nimewahi kumdai mchuzi wa bure. Nimewahi kumkopa nikakaa wiki mbili. Masaki niliwekewa viganja viwili nikanyamaza, na tulipoondoka mpwa wangu aliacha shilingi 5,000 za asante kwa mhudumu, yaani zaidi ya bei ya sahani mbili za Ubungo. Hakuna aliyetulazimisha. Kule tulikuwa wapole kwa sababu bei ilitutisha, na huku ni wakali kwa sababu hakuna kinachotutisha. Basi heshima inayotokana na woga wa bei, kweli ni heshima?

Sisemi kwamba ni dhambi kula Masaki. Mwenye nacho na ale, na mpishi aliyejifunza kazi yake alipwe. Ninachosema ni kwamba mtu anayehitaji tarakimu kubwa ndipo aone thamani ya kilichomlea, ana upungufu ambao hoteli haiwezi kumtibu. Na nasema hivyo nikiwa mgonjwa, si daktari.

Jumanne iliyofuata nilimpigia simu mpwa wangu, nikamwambia ni zamu yangu kumkaribisha. Alikuja mchana kutoka kazini, tai shingoni, akaketi kwenye benchi kando yangu, magari ya Barabara ya Morogoro yakipita mgongoni mwetu. Mama lishe alipomwona, alibabaika. Alikichukua kifuniko cha sufuria akakirudisha juu yake upesi, akajifuta mikono. "Karibu baba," akamwambia. "Mtanisamehe, leo nina makande tu. Mkisubiri kidogo, naweza kuwatafutia wali hapo kwa mwenzangu."

Niliutazama ule mkono juu ya kifuniko.

"Usisumbuke, mama," nikasema. "Tumefuata makande yako."

Alinitazama kana kwamba namtania, kisha akafunua sufuria. Tulikula, tukalipa bei yake bila kuomba nyongeza, na mpwa wangu akamwuliza alifundishwa na nani kupika hivi. Alisimama na upawa mkononi akatueleza habari za mama mkwe wake kwa muda mrefu kuliko alivyopata kuzungumza nami kwa miaka yote ile.

Maneno yale matatu, "tumefuata makande yako", hayakunigharimu hata senti. Nilipaswa kuyasema jikoni kwa mama, Desemba 1979, mbele ya mafiga. Wewe ambaye mama yako angali hai, usingoje hadi uyasome kwenye orodha ya hoteli.